Je, Wajua? Kupaki Rivasi, Kuanzia Mbozi Mission

Wamoravian walipofungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, hapakuwa na gari la kuegesha. Leo anayejifunza udereva Mbozi Mission gari analo, ila hana foleni ya magari ya kujipenyeza. Mwalimu humsimikia vijiti viwili: "Haya, chukulia hapa pana Noah, pale pana Fuso. Ingia katikati, ulale sambamba na barabara." Vijiti havichubuki rangi wala havina mwenyewe wa kushuka akifoka. Kasheshe yenyewe iko Tunduma, kwenye foleni ya kweli.

Je, wajua kwa nini lazima uingie kinyumenyume? Magurudumu yanayokata kona ni ya mbele tu. Ukitanguliza pua, matairi ya nyuma hayafuati nyayo za mbele; hupita njia ya mkato, na mkia unabaki umechomoza barabarani. Ukirudi rivasi, mkia unatangulia kulala ukingoni, kisha pua, ambayo ndiyo yenye magurudumu yanayogeuka, inaswagwa taratibu mpaka inanyooka. Foklifti ni kinyume chake: matairi yake yanayogeuka yako nyuma, kwa hiyo hujipenyeza penye wembamba ikitazama mbele.

Tena magurudumu hayo mawili ya mbele hayakati sawa. La upande wa ndani wa kona hukata zaidi ya la nje. Aliyebuni utaratibu huo ni Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi wa Munich, Ujerumani. Hataza ya London ya mwaka 1818 ikachukuliwa na wakala wake, Rudolph Ackermann, na hadi leo mafundi duniani kote husema "Ackermann". Fundi kaachiwa jasho, wakala kaondoka na jina.

Nafasi itoshe kiasi gani? Mwaka 2009 Simon Blackburn, profesa wa hisabati katika chuo cha Royal Holloway, Uingereza, alitoa kanuni ya swali hilo. Anahitaji vipimo vinne tu: nusu kipenyo cha duara ambalo gari lako hulizunguka likikata usukani wote, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, urefu wa pua kuanzia ekseli ya mbele, na upana wa gari lililoegeshwa mbele yako. Nimeijaribu kwa gari dogo la kubuni lenye urefu wa mita 3.7: nusu kipenyo cha duara mita 5, ekseli zikiachana mita 2.4, pua ya mita 0.7, na jirani mwenye upana wa mita 1.7. Jibu ni mita 1.55 za ziada juu ya urefu wa gari. Kwa hiyo mwalimu anayesema "tafuta nafasi ya gari moja na nusu" hajakosea sana, hata kama hajawahi kuiona kanuni hiyo.

Hapa kwetu dereva hukaa kulia na ukingo wa barabara uko kushoto, mbali na macho yake. Ndiyo maana kioo cha pembeni cha kushoto kina thamani kuliko shingo ndefu. Lakini lori likitoka Tunduma, likavuka Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, mambo yanageuka: kule huendesha upande wa kulia, na dereva wetu anajikuta anapaki huku ukingo uko chini ya dirisha lake.

Na anayelia na Vitz amwonee huruma mwenye semi. Tela ukitaka mkia wake uende kulia, unaanza kwa kukata usukani kushoto. Utingo chini anapiga kelele, "Kata! Kata! Nyoosha! Njoo, njoo… hapo!" Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu mchanganyiko wa namna hiyo kufika tani 56 pamoja na mzigo. Hapo hakuna kuchubuana rangi, ni kubomoana.

Wajapani, ambao magari yao ya mitumba yamejaa Mlowo na Vwawa, walilichukulia suala hili kwa uzito mapema. Tangu sheria yao ya mwaka 1962, mnunuzi wa gari huko kwa kawaida huthibitisha kwanza kwamba ana pa kuliegesha. Mwaka 2003 Toyota ikauza kwao Prius inayozungusha usukani yenyewe wakati wa kupaki. Lakini usidanganyike: yule dada anayekusemesha Kijapani ukiwasha gari lako la mtumba hakufundishi kupaki. Mara nyingi analalamika tu kwamba hujachomeka kadi ya kulipia barabara za kwao.

Mfano bora wa kupaki wilayani Mbozi uko kijiji cha Ndolezi. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa mita 3 hivi, kifupi kuliko Vitz, ila uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16, yaani zaidi ya Vitz 15 kwa pamoja. Kiliingia mara moja, bila rivasi wala utingo, na hakijasogezwa tena.