Kuharisha: kwa nini chumvi na sukari ziende pamoja?

Mtoto akiharisha, baridi ya Njombe na Makambako isikudanganye. Hata kama hatoki jasho wala haombi maji, mwili wake unapoteza maji na chumvi, na upungufu huo ndio unaoua.

Maji matupu pekee hayatoshi. Kila seli ya utumbo imezungushiwa utando wa tabaka mbili za mafuta, unaozuia chumvi na sukari zisipenye ovyo. Lakini ndani ya utando huo mna milango ya protini. Mmoja huvusha chumvi na sukari zikiwa pamoja. Zikishaingia, maji huzifuata. Mlango huu hufanya kazi hata wakati wa kuharisha.

Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, kinywaji hiki kilipunguza vifo vya kipindupindu kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Basi tumia pakiti ya ORS. Ukiikosa, chemsha maji lita 1, yaache yapoe, tia sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo, na uendelee kumnyonyesha.

Macho yakididimia, akilegea, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, mkimbize hospitali. Na kabla ya kumlisha, nawa mikono kwa sabuni.