Watoto wa mbao za magurudumu: tuwafukuze au tuwape nafasi?



Miezi michache iliyopita baraza la wazee wa parokia yetu lilipata swali ambalo hatukulizoea. Mbele ya mlango wa kanisa tulimwaga simenti ili watu wa arusi wasikanyage matope. Hiyo ndiyo sehemu pekee iliyo laini katika kartie yetu. Kwingine kote ni mawe ya volkano na mashimo. Basi jioni vijana wakaanza kuja hapo na mbao ndogo zenye magurudumu manne. Kelele zikasumbua mazoezi ya kwaya, pembe ya ngazi ikavunjika, mtoto mmoja akachubuka kidevu. Mzee mmoja akasema, "Hawa ni watoto wa barabarani, tufunge mlango wa parsele." Mama mmoja wa idara ya wanawake akamjibu, "Baba mzee, tukiwafukuza hapa, saa hizo wataenda wapi?"

Baraza liliahirisha uamuzi. Sisi wachungaji tukapewa kazi ya kuuliza: mchezo huu ni nini, ulitoka wapi, na una hatari gani? Tunawaandikia tuliyoyapata, kwa maana tunajua si parokia yetu tu yenye swali hili.

Ulianza kwa misumari na mbao

Vijana huuita mchezo huu skeiti. Ulitokea Marekani, hasa katika jimbo la California, katika miaka ya 1940 na 1950. Hakuna mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye aliyeubuni. Watoto walichukua viatu vya zamani vya magurudumu, wakavivunja vipande viwili, wakavipigilia misumari chini ya ubao. Waliopenda kuteleza juu ya mawimbi ya bahari waliuchukua mchezo huo wakaucheza barabarani siku ambazo bahari ilikuwa imetulia.

Sisi wa Goma hatuna sababu ya kushangaa. Chukudu yetu ni nini kama si mbao, magurudumu na akili ya watu waliotumia walichokuwa nacho? Tofauti ni kwamba chukudu ilitengenezwa ili kubeba viazi, makala na mbao, ikalisha jamaa nyingi, hata mji ukaisimamishia sanamu. Skeiti ilitengenezwa ili kucheza. Lakini zote mbili zilitoka katika mikono ya watu wasio na makuta mengi.

Karibu mwaka 1959 viwanda vilianza kuuza mbao zilizotengenezwa tayari. Mwaka 1965 msichana aliyeitwa Patti McGee alionekana katika jalada la gazeti kubwa la Marekani, Life, akiwa amesimama kwa mikono juu ya ubao wake. Lakini magurudumu ya wakati ule yalikuwa ya chuma au ya udongo mgumu. Yalipogonga kokoto moja tu, ubao ulisimama na mtoto akaruka mbele. Watu waliumia, miji mingi ikaukataza mchezo, na kabla ya miaka ya 1970 ulikuwa karibu kufa.

Gurudumu lililobadilisha mambo

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana mmoja, Frank Nasworthy, aliona magurudumu ya yurethani, aina ya plastiki inayobonyea kidogo. Akayafunga chini ya ubao wake. Gurudumu hilo lilishika lami vizuri na kupita juu ya kokoto bila kukwama. Akaanza kuyauza, na mchezo ukafufuka.

Kisha ukaja ukame mkubwa wa California, miaka ya 1976 na 1977. Maji yalikuwa machache, na mabwawa mengi ya kuogelea yakabaki makavu. Vijana wa mitaa ya Santa Monica na Venice waliruka kuta, wakaingia katika mabwawa hayo na kupanda kingo zake za mviringo kwa ubao. Ndiyo sababu hadi leo viwanja vingi vya skeiti vina mashimo ya simenti yanayofanana na bakuli kubwa.

Mwishoni mwa miaka ile ya 1970, Alan Gelfand wa Florida aligundua namna ya kuruka pamoja na ubao bila kuushika kwa mikono. Rodney Mullen akauleta mruko huo mahali pa tambarare. Mchezaji hukanyaga mkia wa ubao kwa nguvu ili ugonge chini, kisha anaburuta mguu wa mbele kuelekea puani. Ubao unapanda naye kana kwamba umegundishwa na viatu vyake. Hapo kila ngazi, kila ukingo na kila chuma cha kushikia ikawa mahali pa kuchezea. Wazee wetu wanaolia kwa ajili ya ngazi ya kanisa sasa wanajua kosa lilianzia wapi!

Vifaa, na ushauri kwa wazazi

Ubao wa kawaida una urefu wa karibu sentimita 80 na upana wa karibu sentimita 20. Hutengenezwa kwa tabaka 7 nyembamba za mti mgumu, zilizogandishwa kwa gundi na kukandamizwa. Juu yake hubandikwa karatasi inayokwaruza kama msasa, ili viatu visiteleze. Chini zinafungwa ekseli mbili za alumini zenye vipande vya mpira. Mchezaji akiegemea upande mmoja, mpira unabonyea na ubao unageuka. Kuna magurudumu 4, na kila gurudumu lina beringi 2, yaani beringi 8 kwa jumla.

Kwa wazazi walioletewa ombi la kununua, tunaongeza mambo matatu. La kwanza, magurudumu madogo na magumu yanafaa simenti laini. Kwa barabara mbaya kama zetu, makubwa na laini zaidi yana usalama. La pili, mchanga na maji huharibu beringi upesi, kwa hiyo ubao usiachwe kwenye mvua. La tatu ndilo kubwa: kofia ngumu ya kichwa inunuliwe kabla ya ubao. Mkono uliovunjika hupona. Kichwa ni jambo lingine. Na njia ya magari si uwanja wa mchezo, hata kama lami yake inavutia.

Mahali pa kucheza

Hapa ndipo tulipofunzwa zaidi. Historia ya skeiti ni historia ya watoto wanaofukuzwa. Viwanja vingi vilijengwa California katika miaka ya 1970, lakini baada ya miaka michache vingi vilifungwa, kwa sababu wenye viwanja waliogopa kushtakiwa mtu akiumia. Vijana hawakuacha kucheza. Walirudi barabarani, penye hatari zaidi.

Katika mji wa Portland, mwaka 1990, vijana walianza kumwaga simenti chini ya daraja la Burnside bila ruhusa ya mtu. Mahali hapo palikuwa pachafu na pa kuogopwa. Walijenga kidogo kidogo kwa mikono yao, na mwishowe mji ukakubali uwanja ubaki. Katika mji huohuo wa Portland, tangu mwaka 1987, kuna kanisa lililowafungulia vijana wa skeiti nafasi yake: wanacheza, wanasimama kidogo kusikiliza Neno, wanaendelea kucheza.

Karibu na kwetu, huko Kitintale, Kampala, vijana walijijengea uwanja wa simenti katika miaka ya 2000, na ulikuwa wa kwanza Uganda. Nairobi kuna uwanja katika nyumba ya watoto ya Shangilia. Addis Ababa ilipata wake mwaka 2016. Na huko Kabul, Afghanistan, mradi wa Skateistan ulioanza mwaka 2007 uliunganisha ubao na darasa. Wasichana wengi waliingia, kwa maana desturi iliyowakataza baiskeli haikuwa bado na neno juu ya ubao wa magurudumu.

Je, ni mchezo wa wahuni?

Hatutaficha upande mwingine. Katika utamaduni wa skeiti kumekuwa na bangi, pombe na dharau kwa mali ya watu. Christian Hosoi, mmoja wa nyota wakubwa wa miaka ya 1980, alizama katika dawa za kulevya na kukamatwa mwaka 2000. Gerezani aliamini, na baada ya kutoka akawa mchungaji. Mzee wetu aliyetaka kufunga mlango alikuwa na hofu ya kweli, na hofu yake isichekwe. Sisi huku tunajua zaidi ya wengine jinsi kijana asiye na shughuli anavyotafutwa na watu wenye mipango mibaya.

Lakini tuliona jambo lingine pia. Skeiti haina kocha anayepiga kelele wala timu ya kushinda. Mtoto anaanguka mara hamsini ili asimame mara moja, na wenzake wanaomtazama hawamcheki; wanagonga mbao zao chini kwa furaha anapofaulu. Mchezo huu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Tokyo, mwaka 2021, na Momiji Nishiya wa Japani alipata dhahabu akiwa na miaka 13. Siku chache baadaye, Mjapani mwenzake Misugu Okamoto alianguka katika zamu yake ya mwisho, akakosa medali, akatoka akilia. Wasichana wa inchi nyingine walioshindana naye walimkimbilia, wakambeba mabegani. Tulipoonyesha picha hiyo katika baraza, watu walinyamaza kidogo.

Nabii Zekaria, alipoeleza Yerusalemu iliyorudishiwa amani, alitaja wazee walioketi njiani na mkongojo mkononi, kisha watoto wanaocheza katika njia hizohizo. Wote wawili, mahali pamoja. Katika eneo letu kuna miaka ambayo njia zilikuwa tupu, bila mzee wala mtoto. Tunakumbuka ukimya ule. Kelele za magurudumu ni nyepesi kuliko huo.

Tulivyoamua

Baraza liliamua hivi. Vijana watacheza Jumanne na Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu, kabla ya kwaya. Asiye na kofia ngumu hachezi. Kofia mbili za shirika zinanunuliwa kwa mchango. Mtu mzima mmoja anakuwepo, na wiki ya kwanza alikuwa yule mzee mwenyewe. Ngazi waliivunja, basi ngazi waitengeneze: walileta mchanga, parokia ikatoa mfuko wa simenti, na fundi wetu akawafundisha kuchanganya. Pembe ile sasa imesimama, ingawa si nzuri kama ya kwanza.

Haikumaliza matatizo yote. Wapo wanaokuja siku zisizo zao, na kijana mmoja amevunjika kifundo cha mkono, tukamtembelea nyumbani kwake. Hatukuweka sharti kwamba atakayecheza lazima aje ibadani Jumapili. Wawili wamekuja kwa hiari yao. Wengine hawajaja, na wote tunawajua kwa majina sasa. Zamani tulijua kelele zao tu.

Kama parokia yenu ina simenti mbele ya mlango na watoto wanaoitamani, tunawashauri: kabla ya kununua kufuli, waiteni watoto hao mwaulize majina yao.