Wanga na Mvuke: Pengo Kati ya Pamba na Cherehani za Eastlands

Januari shule zinapofunguliwa, Uhuru Market kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi, hapapitiki. Wazazi wamejazana vibandani wakipimisha watoto sare, mafundi wamejitundika tepu shingoni, na mlio wa cherehani haukatiki hadi giza liingie. Chini ya kila meza kuna majora ya kitambaa: bluu, kijani, kaki, nyeupe.

Fundi mzoefu hakati jora jipya kwa kuamini macho tu. Hukikunja kitambaa viganjani karibu na sikio, akasikiliza kinavyokwaruza. Hukisugua juu ya meza nyeusi, akaangalia kama kitaacha unga mweupe. Kisha hukata kipande cha inchi 10 kwa 10, akakilowesha kwa maji moto, akakianika kwenye waya na kukipima upya kikishakauka. Kikitoka na inchi 9 na nusu, kitambaa kimerudi kwa asilimia 5. Suruali ya inchi 40 itakayoshonwa kwa jora hilo itapungua inchi 2 ikifuliwa, kifundo cha mguu kitatokeza kabla ya muhula kwisha, na mzazi atakuja na malalamiko yake kwa fundi. Hatakwenda kiwandani, maana hakijui.

Unga ule mweupe ni wanga, na kurudi kwa kitambaa ni dalili kwamba hakikukaushwa inavyotakiwa. Mambo hayo mawili yanatoka kwenye mashine ambazo wakazi wengi wa Kaloleni, Makongeni, Maringo na Jericho hawajawahi kuziona, ingawa Industrial Area iko ng'ambo tu ya reli. Ya kwanza hupaka nyuzi wanga na kuzikausha kabla hazijafumwa. Ya pili hukausha na kunyoosha kitambaa kilichokwisha kufumwa na kutiwa rangi, na wenye viwanda huiita stenta. Ninavyoona, mjadala wote wa kufufua pamba nchini unaruka hatua hizi mbili, na ndiyo sababu umezunguka pale pale miaka nenda miaka rudi.

Yeyote aliyewahi kufua leso mpya anaujua wanga huo. Leso huja ngumu kama karatasi, ukiitia kwenye beseni maji yanageuka meupe mfano wa uji mwepesi, na ikikauka imelainika. Wengine hudhani muuzaji ameutia wanga ili leso ionekane nzito. Hilo lipo, lakini kazi yake ya asili ni nyingine. Kitambaa hufumwa kwa nyuzi za mtande, zinazovutwa kwa urefu, na nyuzi za mshindio, zinazopita katikati yake. Mtambo wa kufumia huinua na kushusha mtande mamia ya mara kwa dakika, na kila mara uzi unasuguliwa na kitana cha chuma. Uzi wa pamba una vinyweleo. Usipolazwa kwa wanga, vinyweleo hunasana, uzi hukatika na mtambo husimama. Uzi mmoja ukikatika kati ya elfu kadhaa, kazi yote inamsubiri mtu aje aufunge fundo.

Ndiyo maana mashine ya wanga ilikuwa ufunguo wa biashara nzima. Huko Stockport, Uingereza, mwaka 1803, William Radcliffe na fundi wake Thomas Johnson walitengeneza mashine ya kupaka mtande wanga na kuukausha kabla haujapandishwa kwenye mtambo. Mitambo ya kufumia inayoendeshwa kwa nguvu ilikwisha kubuniwa wakati huo, lakini kila baada ya muda mfupi ilibidi isimamishwe ili mfumaji aupake mtande wanga kwa mkono. Mtambo uliosimama hauleti faida. Baada ya mashine ya Radcliffe ndipo viwanda vya kufuma pamba vilipopata mwendo.

Mashine ya siku hizi inafanya kazi ile ile. Nyuzi elfu kadhaa hutoka kwenye mapipa makubwa zikiwa zimejipanga sambamba, zikazama katika beseni la uji wa wanga wenye joto la nyuzijoto 80 hadi 95, zikakamuliwa kati ya roli la chuma na roli la mpira, zikapita juu ya silinda zilizojaa mvuke, kisha zikatenganishwa na kuviringwa upya, tayari kwa mtambo. Uji wenyewe hupikwa kwa wanga wa mahindi, mhogo au viazi, na viwanda vingi huuchanganya na kemikali za kuufanya unate na unyumbuke. Mahindi na mhogo tunavyo. Kigumu ni moto.

Hebu tupige hesabu. Chukua kilo 100 za uzi, na utake kilo 10 za wanga mkavu zibaki juu yake. Ikiwa uji wako una wanga asilimia 10, uzi huo utalazimika kubeba kilo 100 za uji, na kilo 90 kati ya hizo ni maji matupu. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke, hata kama hakuna joto linalopotea njiani, kunahitaji nishati sawa na zaidi ya yuniti 56 za umeme. Anayenunua tokeni za stima Umoja au Kayole anaijua thamani ya yuniti 56. Kiwandani joto hupotea kwenye mabomba na hewani, kwa hiyo gharama halisi hupanda zaidi.

Na hapo tumekausha mara moja tu. Kitambaa kikishafumwa, wanga ule ule lazima uondolewe kwa maji na vimeng'enya, kisha kichemshwe kwa kostiki soda, kipaushwe, kitiwe rangi. Kinaweza kukaushwa tena zaidi ya mara moja kabla hakijafika kwenye stenta. Humo minyororo miwili yenye meno hukishika kitambaa pindo kwa pindo na kukipitisha katika vyumba vya hewa moto, upana wake ukiwa umedhibitiwa. Kitambaa kikivutwa kupita kiasi kwa urefu ili jora litoe mita nyingi, kinatoka kikiwa na mvutano uliojificha. Siku kinapokutana na maji kwenye karai la Mama Fua, kinarudi kilikotoka. Sanford Cluett wa Marekani alisajili mwaka 1930 njia ya kukisukuma kitambaa kirudi kikiwa bado kiwandani ili kisirudi mwilini mwa mvaaji. Teknolojia ipo, ina karibu miaka 100, na fundi wa Uhuru Market bado analowesha vipande vya inchi 10 kwenye karai.

Ukiielewa gharama ya mvuke, utaelewa kwa nini viwanda vilijengwa mahali vilipojengwa na kwa nini baadhi vilikufa. Katika miaka ya 1950 Uganda ilikuwa na kiwanda cha Nytil mjini Jinja, karibu na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Baadaye Kenya ikawa na Kicomi mjini Kisumu, Rivatex mjini Eldoret na Mountex kule Nanyuki. Hivi vilikuwa viwanda kamili, vyenye idara za kusokota, kupaka wanga, kufuma na kumalizia. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lawama nyingi ziliwekwa juu ya mitumba, na mitumba ilichangia kweli. Lakini roli la mpira lililochakaa halikamui vizuri, na maji ambayo roli limeshindwa kuyakamua itabidi yachemshwe kwa kuni au mafuta mazito. Kiwanda chenye mashine za zamani kinachoma faida yake ndani ya boila kabla hakijafika sokoni kushindana na yeyote.

Kicomi kilifungwa. Rivatex nacho kilifungwa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na mwezi Juni 2019 kikazinduliwa upya kikiwa na mashine mpya zilizonunuliwa kwa mkopo kutoka India. Thika Cloth Mills wamesimama miaka yote hiyo, na wanastahili heshima. Hata hivyo, idadi ya wanaofuma kitambaa cha pamba nchini ni ndogo mno ukiilinganisha na idadi ya wanaokishona.

Kuna jambo ambalo huwa halisemwi. Viwanda vya sweta na fulana vimestahimili Nairobi kuliko vile vya kufuma shuka na kaki. Sababu mojawapo ni ya kiufundi kabisa: kitambaa cha fulana hutengenezwa kwa vitanzi vinavyoshikana, hakina mtande, kwa hiyo hakihitaji mashine ya wanga. Gharama moja nzito imeondoka kwenye hesabu. Kwa sare ya kaki, shati jeupe la pamba, shuka na leso, njia hiyo ya mkato haipo.

Sera zetu nazo zimependa upande wa sindano. Sheria ya AGOA ya Marekani, iliyoanza mwaka 2000, iliiruhusu Kenya kushona nguo kwa kitambaa kutoka nchi yoyote, na viwanda vya Athi River vikaajiri maelfu ya watu kwa kitambaa kilichotoka Asia. Kaunti ya Kitui ilizindua kituo chake cha kushona, KICOTEC, mwaka 2018. Ajira hizo ni za kweli na zimelisha familia. Lakini mshonaji anayeletewa kitambaa kilichokwisha kupakwa wanga, kukaushwa na kunyooshwa anauza nguvu za mikono yake pekee, na thamani nyingine yote imebaki ng'ambo.

Sasa turudi Eastlands. Sipendekezi kiwanda kamili cha kufuma kijengwe Shauri Moyo. Nafasi haipo, maji ni ya mgao, na mtaji wake ni mkubwa. Ninachokitaka ni nyumba moja ya pamoja ya kumalizia kitambaa, karibu na Uhuru Market, Jericho na Gikomba, ambako fundi anapeleka jora lake, linaoshwa wanga, linarudishwa kwa mvuke, linakaushwa na kunyooshwa, kisha analichukua akiwa na uhakika na kila inchi. Leo kazi hiyo inafanywa na jua. Msimu wa mvua za Aprili, au baridi ya Julai, jora lililoloweshwa linakaa siku mbili kwenye kamba, linanuka uvundo, na mteja amekwenda kwingine. Pamba iliyokaushwa sawasawa hubakiza unyevu wa takriban asilimia 8. Ukiiacha mbichi inaota kuvu, ukiikausha kupita kiasi inakuwa kavu mkononi na umechoma kuni bure. Kipimo hicho hakipatikani kwa kamba ya nguo ya ghorofa ya nne Huruma.

Watu wa kuitunza nyumba kama hiyo tunao. Mafundi wa Kariobangi Light Industries wanachonga vyuma, wanachomelea mabomba na kutengeneza vipuri ambavyo vingeagizwa kutoka nje. Roli, beringi na vali za mvuke si miujiza kwao. Boila ni jambo jingine. Chombo chenye shinikizo la mvuke kinaweza kuua mtaa mzima kikipasuka, kwa hiyo lazima kinunuliwe kwa watengenezaji waliohitimu na kikaguliwe kisheria. Hapo pasiwe na mkato wowote.

Pia pana suala la mto. Wanga unaooshwa kwenye kitambaa ni chakula cha bakteria, na bakteria hao hula hewa ya oksijeni iliyo majini. Mto Nairobi unaopita Gikomba na kuelekea Dandora umebeba ya kutosha. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka maji machafu yanayomwagwa mtoni yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita ili kuozeshwa, na maji ya kuoshea wanga hupita kiwango hicho kwa mbali. Nyumba ya pamoja yenye tangi la kuyasafisha inaweza kukaguliwa. Mamia ya makarai yanayomwagwa kwenye mitaro ya vibanda hayakaguliki.

Pesa si kisingizio tena. Mpango wa bustani za viwanda za kaunti ulioanza mwaka 2023 ulikadiriwa kugharimu shilingi milioni 500 kwa kila kaunti inayoshiriki, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti yenyewe. Wanaopanga miradi ya aina hiyo huanza kwa kuhesabu cherehani, kwa sababu cherehani hupendeza kwenye picha za uzinduzi. Waanze kwa kuuliza mvuke utatoka wapi, kwa bei gani, na jora litakaushiwa wapi.

Hadi siku hiyo, nina neno kwa mzazi atakayefika Uhuru Market Januari ijayo. Kabla hujalipa, muulize fundi kama kitambaa kililoweshwa kabla ya kukatwa. Akikuambia kiliwekwa majini usiku kucha na kukaushwa, na kwa hiyo bei imepanda kidogo, mlipe bila kuvutana. Amefanya kwa karai na kamba kazi ya mashine ambazo nchi haijamnunulia. Na akikuambia hakikuloweshwa, mwambie aache pindo la inchi 2.