Je, Wajua? Boti ya sadini iliyozama mara mbili

Western Flyer, boti ya mbao ya futi 77, iliundwa Tacoma, Marekani, mwaka 1937 ili kuvua sadini kwa nyavu za kuzungushia. Mwaka 1940 mwandishi John Steinbeck na rafiki yake, mwanabiolojia Ed Ricketts, waliikodi huko Monterey, wakaenda Ghuba ya California kukusanya viumbe wa pwani kwa wiki sita hivi. Kitabu cha safari hiyo kilitoka 1941.

Baadaye ikauzwa na kuuzwa tena, ikavua kaa Alaska, ikabeba salmoni. Mmiliki mmoja aliibadili jina, ikawa Gemini, na wapenzi wa Steinbeck wakapoteza nyayo zake. Aliyeitambua, kwa alama yake ya wito wa redio, alikuwa mpwa wa nahodha wa 1940.

Ilizama 2012, ikazama tena 2013. Mwanajiolojia John Gregg aliinunua 2015 kwa dola milioni 1 (kwa gofu lililojaa tope!). Mafundi wa Port Townsend walibadilisha karibu mbao zote za ubavuni. Tangu 2023 imerudi Monterey, ikifundisha wanafunzi sayansi ya bahari.