Nyumba za Mawe za Lamu

Katika nyumba ya mawe ya Lamu, mkoko ndio unaoamua upana wa chumba. Boriti za mkoko zinazobeba dari hazivuki mbali, mita tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta, na ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Kuta nene hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Tumbawe bichi la baharini ni laini, hivyo huchongwa nakshi kabla halijakauka likawa gumu.

Nyingi kati ya nyumba kuu zilizobaki, hasa katika mtaa wa Mkomani, ni za karne ya 18. Atokaye mtaani hufikia kwanza daka, kibaraza chenye viti vya mawe ambapo wanaume walizungumza na wageni wasiohitaji kuingia. Nyuma ya mlango, njia hupinda kabla ya kufika kiwandani, ua usioezekwa, ili mpita njia asione kitu. Kutoka kiwandani hufuata vyumba viwili virefu viitwavyo misana, kisha ndani, chumba cha wenye nyumba. Huko ndiko uzuri ulikofichwa: zidaka, safu za vishubaka vya lipu iliyochongwa, palipopangwa vyombo vya kaure kutoka ng'ambo. Utajiri wa nyumba haukuonyeshwa kwa mtaa. Penye jamaa wa pande mbili za uchochoro, wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia, kiliunganisha nyumba zao, na wanawake walitembeleana bila kushuka chini.

Ngome ya Lamu ni jengo la fikra nyingine kabisa. Ilianza kujengwa mwaka 1813, baada ya Walamu kuwashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, ikakamilika 1821 kwa msaada wa Sayyid Said wa Oman. Wakati huo ilikuwa karibu na maji. Leo safu nzima ya majengo imeitenga na bahari. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza, na sasa ni ya makumbusho.

Safu hiyo ya pwani iliongezeka hasa katika karne ya 19. Tofauti na nyumba za Mkomani, majengo yake yana veranda na madirisha yanayotazama bahari, kana kwamba mji umegeuza uso. Jengo la Makumbusho ya Lamu ni mfano mzuri.

UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tishio la kila siku kwa kuta zake ni saruji. Chokaa hupumua na kuruhusu unyevu utoke. Lipu ya saruji huufungia ndani ya tumbawe, chumvi ikakusanyika, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na sehemu ya jiwe. Fundi anayejua kazi huibandua yote na kupaka chokaa upya, hata kama chokaa huchukua muda mrefu kukauka.