Kombe la Ryder: Timu ikishinda, je, wachezaji wake ndio bora?

KATANIKA, Kalemie – Mwishoni mwa Septemba 2025, timu ya gofu ya Ulaya iliishinda Marekani kwa pointi 15 kwa 13 katika uwanja wa Bethpage Black, New York, ikabaki na Kombe la Ryder. Lakini siku ya mwisho, siku ambayo kila mchezaji anapambana peke yake na mpinzani mmoja, Marekani ilivuna pointi 8½ na Ulaya 3½ tu. Kati ya michezo 12 ya Jumapili hiyo, mchezaji wa Ulaya aliyeshinda wake alikuwa mmoja: Ludvig Åberg wa Sweden.

Basi ni upande gani uliokuwa na wachezaji bora?

Jibu linategemea kinachohesabiwa. Gofu ya kawaida huhesabu mikwaju: anayemaliza mashimo 18 kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Kombe la Ryder huhesabu mashimo. Ukishinda shimo kwa mkwaju mmoja au kwa mitano, ni shimo moja tu. Na ukimshinda mwenzako kwa mashimo matano au kwa moja, timu yako inapata pointi ileile moja.

Wavuvi wa ndakala wanaweza kulielewa jambo hili haraka kuliko wacheza gofu wenyewe. Chukua mitumbwi miwili inayoshindana usiku saba, mbalamwezi ikiwa haijaharibu kazi. Usiku nne mtumbwi wa kwanza unaleta beseni 11, wa pili 10. Usiku tatu zilizobaki wa pili unaleta 20, wa kwanza 5. Ukihesabu usiku, wa kwanza umeshinda 4 kwa 3. Ukihesabu samaki, wa pili una beseni 100 na wa kwanza 59. Hakuna aliyedanganya. Lakini mke wa mvuvi anayesubiri kwenda sokoni anajua angependa kuhesabu kipi.

Kombe la Ryder lina pointi 28. Kati ya hizo, 16 hupatikana siku mbili za kwanza, watu wakicheza wawili wawili. Kuna mtindo ambao wenzi wanapiga mpira mmoja kwa zamu, na mwingine ambao kila mtu ana mpira wake, kisha yanahesabiwa matokeo ya aliyefanya vizuri zaidi kati ya wawili hao. Hapo ndipo Ulaya ilipomaliza kazi: hadi Jumamosi jioni ilikuwa inaongoza 11½ kwa 4½. Scottie Scheffler, mchezaji namba moja duniani, alipoteza michezo yake yote minne ya siku hizo mbili. Jumapili, akiwa peke yake, alimshinda Rory McIlroy. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni aina ya mchezo, na nani alikuwa ubavuni mwake.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito: kuelewana na mwenzako nako ni ustadi, na timu si jumla ya watu 12 waliopangwa mstari. Ni kweli. Ila hapo wanakiri kwamba kinachopimwa ni timu ya siku tatu, wala si ubora wa mchezaji mmojammoja. Mwaka 2021 Marekani ilishinda nyumbani 19 kwa 9. Mwaka 2023, mjini Rome, Ulaya ikashinda 16½ kwa 11½. Ni vigumu kuamini kwamba vipaji vya mabara mawili viligeuka kiasi hicho kwa miaka miwili. Mwenyeji hutayarisha uwanja apendavyo na mashabiki ni wake.

Bethpage kulikuwa pia na nusu pointi ambayo hakuna aliyeipigia mpira. Viktor Hovland wa Ulaya aliumia shingo, na kwa sheria ya siku nyingi mchezo wake na Harris English wa Marekani ukaandikwa sare. Nahodha wa Marekani, Keegan Bradley, alilalamika kwamba sheria hiyo ibadilishwe. Hata hivyo, hata kama Marekani ingepewa pointi nzima, Ulaya ingeshinda 14½ kwa 13½.

Kuna njia nyingine. Kombe la Eisenhower, linaloshindaniwa na timu za dunia za wachezaji wa ridhaa tangu 1958, huhesabu mikwaju: wachezaji watatu, siku nne, na kila siku zinachukuliwa alama za wawili waliofanya vizuri. Ni kipimo kinachokaribia zaidi ubora. Pia, kusema ukweli, kinasisimua kidogo zaidi ya kusoma daftari la mhasibu.

Mkongomani ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu analijua swali hili kupitia Leopards. Novemba 16, 2025, mjini Rabat, Kongo na Nigeria zilitoka 1-1 baada ya dakika 120, katika mchujo wa Afrika wa kuwania Kombe la Dunia. Kipa Timothy Fayulu aliingizwa dakika za mwisho kwa ajili ya penalti, Chancel Mbemba akafunga ya ushindi, 4-3. Kocha wa Nigeria, Eric Chelle, akadai Wakongomani walitumia uchawi. Madai hayo hayahitaji jibu. Swali la haki ni jingine: dakika 120 hazikuonyesha aliye bora, na penalti zilipima wapigaji wachache na kipa mmoja. Kongo ilistahili kusonga mbele kwa sababu sheria ilijulikana kabla ya mpira kuanza. Kusema kwamba usiku ule ulithibitisha wachezaji wetu ni bora kuliko wa Nigeria, hilo ni dai lingine, na Rabat haikulitolea ushahidi.

Kombe la Ryder litarudi Septemba 2027, Adare Manor, Ireland. Ulaya, kwa kuwa ndiyo inayolishikilia, itabaki nalo hata kwa sare ya 14-14. Marekani itahitaji 14½.