Utumwa: Kwa Nini Tusiufumbie Macho

Wako wenzetu wanaouliza: kuna faida gani kufukua habari za utumwa? Waliouza wamekufa, waliouzwa wamekufa. Kuzungumza ni kutonesha kidonda. Swali hili si la kubeza, maana wengi wanaouliza wana nia ya kulinda umoja. Jibu letu ni kwamba historia ambayo wananchi hawaielezi wenyewe huelezwa na wengine, kwa manufaa ya hao wengine.

Kwanza, tuelewe kwamba utumwa ulikuwa mfumo wa uchumi. Tangu karne ya 18 Wafaransa walinunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba yao ya visiwani Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora na kufika Bagamoyo. Mateka wengi waliovushwa hadi Unguja na Pemba walilimishwa karafuu. Matajiri wa Kihindi walikopesha fedha. Waarabu na Waswahili waliongoza misafara. Baadhi ya watemi wetu waliuza mateka wa vita wapate bunduki na nguo. Pembe za ndovu zilinunuliwa Ulaya na Marekani. Mnyonyaji, basi, hakuwa na rangi moja. Kuyataja haya ni uchungu, hasa tunapokuta humo babu zetu wenyewe. Lakini anayemtaja mshiriki mmoja na kuwaficha wengine hafundishi historia, anapanda chuki.

Pili, tuupime uongo wa mkoloni kwamba yeye ndiye aliyetukomboa. Ni kweli kwamba Juni 5, 1873, kwa kushurutishwa na Waingereza, Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Unguja. Hatulifichi hilo. Ila tuulize: fidia alilipwa nani? Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya mabwana. Watumwa hawakupewa hata senti moja. Unguja na Pemba, amri ya Aprili 6, 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na fidia akapewa bwana. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Ardhi ilibaki kwa wenye mashamba, na wengi walioachwa huru walibaki humo humo, wakipalilia mikarafuu ili waruhusiwe kupanda muhogo. Huku Bara, Wajerumani walijidai kupiga vita utumwa, lakini hawakuufuta. Ulifutwa kisheria mwaka 1922, wao wakiwa wamekwisha kuondoka. Walichotuletea ni pamba ya kulimishwa kwa nguvu, iliyochochea Vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Tatu, tujikosoe. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliung'oa usultani, na baadaye wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Hata hivyo, katika siku zile waliuawa pia watu wasio na hatia, kwa sababu tu ya asili yao. Hasira dhidi ya mfumo ilimwangukia jirani. Hili nalo ni letu, na lazima tulifundishe. Mtu asiyechambua mfumo hutafuta adui katika sura za watu.

Kwa hiyo kazi ya kada na mwanafunzi ni hii: kuwasikiliza wazee na kuandika wanayoyakumbuka kabla hawajaondoka; kukomesha dharau ya kumsimanga mtu kwa ukoo wake, kana kwamba kuuzwa ni aibu ya aliyeuzwa; na kutazama nyumba zetu wenyewe. Msichana aliyeletwa mjini kutoka kijijini, anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza, na ambaye mshahara wake "unatunzwa" na mwajiri, anatudai jibu. Tukiijua historia ya utumwa halafu tukampita huyo kimya, tutakuwa tumekariri tarehe tu.